Paris haina gare moja: someni jina lililo kwenye tiketi

Bwana Mhariri,

Mama jirani yangu hapa Makomeno ana binti anayejiandaa kwenda kusoma Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Jumapili baada ya misa alinivuta pembeni: "Baba, wewe ulifanya kazi ya reli. Mtoto akishuka ndege, gare ya Paris iko upande gani?" Swali hilo ndilo limenishikisha kalamu, maana mwaka jana nyumbani kwetu hatukuliuliza, na tulilipa.

Sisi wa Lubumbashi tumezoea gare moja, yaani stesheni moja ya treni. Treni itoke Sakania au iende Kamina, inapita palepale, na mji umekua kando ya reli hiyo tangu ilipofika mwaka 1910. Ukiambiwa "tukutane gare", huulizi gare ipi. Paris kila upande wa nchi una gare yake, na treni za safari ndefu zinakomea hapo.

Mpwa wangu alikuwa anakwenda Clermont-Ferrand. Ajansi moja ya hapa mjini ilimuuzia tiketi, na aliyemhudumia akamwambia kwa mdomo tu: "Panda Gare de Lyon." Kijana akafuata neno. Kutoka uwanja wa ndege alipanda RER B, treni ya mjini, mpaka Gare du Nord, akabadilisha RER D mpaka Gare de Lyon, huku anaburuta sanduku la kilo 23. Akasimama mbele ya ubao wa treni zinazoondoka, akasoma mstari kwa mstari. Clermont haipo. Akanipigia simu, akanitumia picha ya tiketi. Nikavaa miwani. Chini ya saa ya kuondoka, kwa herufi ndogo, iliandikwa: Paris Bercy. Bercy ni kituo kimoja tu mbele kwa metro namba 14, hata kwa miguu si mbali. Lakini wakati tunaelewana, treni ilikuwa imeshaondoka. Tiketi ya pili aliinunua kwa fedha ya chakula ya mwezi wake wa kwanza. Iliniuma sana, kwa sababu nimefanya kazi ya kuongoza treni miaka 31, na sikumwambia mtoto wa dada yangu, "Hebu nione tiketi."

Kwa nini gare nyingi hivyo? Katika karne ya 19 reli za Ufaransa zilijengwa na kampuni mbalimbali: ya kaskazini, ya mashariki, ya magharibi, ya Orléans, ya Paris-Lyon-Méditerranée. Kila moja ilileta reli yake mpaka Paris na kusimamisha gare yake upande wake. Mwaka 1938 ziliunganishwa kuwa kampuni moja ya reli ya taifa, SNCF, lakini reli zilibaki zilipolazwa. Sisi tunalijua jambo hili. Mwaka 1974 kampuni zetu za reli ziliunganishwa kuwa moja, lakini msafiri wa Kisangani aliendelea kupanda treni mpaka Ubundu, boti mpaka Kindu, kisha treni tena, na mzigo wake kichwani.

Kwa hiyo wazazi washike hivi. Gare du Nord ni ya Lille, pia Bruxelles na London. Jirani yake, Gare de l'Est, ni ya Reims na Strasbourg. Rouen na Le Havre ni Saint-Lazare. Montparnasse ni ya Bretagne, Nantes na Bordeaux. Orléans na Limoges ni Austerlitz. Gare de Lyon ni ya Dijon, Lyon na Marseille, nayo iko Paris penyewe; nimekutana na mama aliyeamini mwanawe ameambiwa akapandie treni katika mji wa Lyon. Bercy ndiyo hiyo ya Clermont.

Tena msitegemee kumbukumbu ya mjomba aliyekaa Bulaya zamani. Wakati wake treni za Bordeaux ziliondokea Austerlitz. TGV, treni ya kasi, ilipoanza kwenda huko mwaka 1990, zikahamia Montparnasse. Mjomba hakudanganyi, ila anasema alichokiona yeye.

Wenye ajansi za mji wetu nawaomba jambo moja. Mkimpa mtoto tiketi, chukueni kalamu, zungusheni jina la gare ya kuondokea, na mwandikie pembeni namna ya kufika hapo kutoka uwanja wa ndege. Ni kazi ya dakika mbili. Watoto hawa wengi hawajapanda metro hata siku moja. Wanafika wamechoka, hawajalala, na nyumbani watu wameuza kiwanja ili wapande ndege ile.

Huyo binti wa jirani huenda asihitaji kuingia Paris kabisa. Chini ya uwanja wa Charles de Gaulle kuna gare ya TGV, na baadhi ya treni za Lille zinapita hapo. Kwenye tiketi inaandikwa Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV. Nimemwomba mama yake wasilipe bado. Jioni ya Jumamosi wanakuja na karatasi ya ajansi, tutaisoma mezani kwangu, mstari kwa mstari, na mtoto mwenyewe akiwepo.

Mstaafu wa reli,
Makomeno, Lubumbashi