Kigawanye na Kigawanyo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na bibi mkiwa wazima. Mjomba wako amenitumia picha ya ukurasa wa daftari lako la Hisabati, nami nimeutazama kwa muda mrefu. Ulitakiwa kuandika 26 gawanya kwa 4, ukaandika 4 ÷ 26, na mwalimu akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Siamini kwamba hujui kugawanya, kwa maana umenisaidia kupanga mafungu ya nyanya tangu hujaanza shule. Naona tu kwamba umechanganya maneno mawili yanayofanana sana, yaani kigawanye na kigawanyo.

Sikiliza herufi ya mwisho. Kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa, na kwa mtindo huohuo kigawanye ni ile namba inayogawanywa, ambayo hapa ni 26. Kifuniko hufunika chungu, kizibo huziba chupa, na kigawanyo ndicho kinachogawanya, ambacho hapa ni 4. Kigawanye hutangulia, alama ya ÷ hufuata, kisha kigawanyo. Ukifika madarasa ya juu utakutana na kigawe, yaani namba inayogawanyika kamili kwa nyingine, na kigawo, yaani namba inayoigawanya nyingine kamili, na herufi hizohizo mbili zitakuongoza, ndiyo maana nataka uzishike sasa.

Jana jioni sokoni nilibakiwa na nyanya 26. Nikazipanga nne nne juu ya gunia, na fungu la sita lilipotimia, mkononi mwangu zikawa zimesalia mbili, moja ikiwa imeanza kulainika. Yale mafungu 6 ndiyo hisa, na zile nyanya 2 ndizo baki.

Swali lako la pili limenishughulisha zaidi. Uligawanya 31 kwa 5, ukaandika hisa 5, baki 6. Najua ulihakiki kazi yako, kwa sababu pembeni umezidisha 5 kwa 5, ukajumlisha 6, ukapata 31, na nimefurahi mno kuona hivyo. Hata hivyo, baki lazima iwe ndogo kuliko kigawanyo. Ukiwa na nyanya 6 mkononi, na fungu moja ni nyanya 5, bado unaweza kupanga fungu jingine. Kwa hiyo hisa ni 6, baki 1. Kuhakiki peke yake hakukukuonyesha kosa hilo, basi kila mara itazame baki kwanza kabla hujafunga daftari.

Leo jioni mwombe bibi maharage 30, uyapange saba saba mkekani. Kisha uniandikie sentensi moja yenye maneno yote manne: kigawanye, kigawanyo, hisa na baki, umpe mjomba anitumie picha yake. Nitaisubiri.

Msalimie bibi, mwambie shikamoo yangu.

Mama yako