Udongo ulioimarishwa kwa chokaa upimwe pia barabarani

Kwa Mhariri,

Kila barabara mpya inapojengwa upande wa Changamwe, Mikindani na Miritini, huambiwa kwamba mfinyanzi uliochanganywa na chokaa chini ya lami umefaulu majaribio ya maabara. Siyakanushi majibu hayo, maana nimeyaandika kwa mkono wangu miaka mingi nikiwa fundi wa maabara ya udongo. Ninachokataa ni kuyafanya dhamana ya miaka ishirini.

Sampuli hufungwa nailoni, huhifadhiwa siku 7 au 28 katika unyevu na joto visivyobadilika, kisha huvunjwa kwa mashine. Chini ya lami mambo si hivyo. Saa chache baada ya kuchanganywa, udongo huacha kunata na huwa wa kuchambuka, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Nguvu ya kudumu huja polepole, kwa miezi na hata miaka, madini ya mfinyanzi yaitwayo silika na alumina yanapoyeyuka na kuungana na chokaa kuwa gundi ya jamii ya saruji, jambo linalotaka alkali (kinyume cha asidi) kali sana, yenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya karibu 12.4. Joto la Pwani huiharakisha kazi hiyo, lakini maji yanayopenya huiosha chokaa na kuondoka nayo.

Mwaka jana mafundi wa mabomba walichimba handaki kukatiza barabara ya mtaani kwetu. Kwa ruhusa yao, nilidondoshea ukuta wa handaki fenolfthaleini, dawa inayogeuka waridi palipo na alkali kama ya chokaa. Katikati ya barabara rangi ilikolea. Ukingoni, karibu na mfereji uliozibwa na taka, haikutokea kabisa, na udongo ulimeguka vidoleni kama kashata iliyoingia maji. Ajabu ni kwamba hewa ile ile inayoigeuza chokaa kuwa jiwe katika kuta za Mji wa Kale huidhuru hapa: ukutani chokaa ndiyo gundi yenyewe, ilhali udongoni hewa ya kaboni huila kabla haijaungana na mfinyanzi.

Penye maji ya bahari kuna hatari nyingine, kwa kuwa salfeti, aina ya chumvi iliyomo, ikikutana na chokaa na alumina, huzaa fuwele za etringaiti ambazo hufura na kuiinua lami.

Naomba wahandisi wapime salfeti na mabaki ya mimea udongoni kabla ya kuamua kipimo cha chokaa, waziloweshe na kuzikausha sampuli mara kwa mara badala ya kuziloweka mara moja tu, kisha wakate vipande kutoka barabara yenyewe, katikati na ukingoni, baada ya masika ya kwanza, ya tatu na ya tano, na majibu yatangazwe. Mfereji nilioutaja bado umeziba, na masika huanza Machi.

Fundi mstaafu wa maabara ya udongo,
Mikindani, Mombasa