Zuhura aachwe aseme

Manchester, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Hela ya mabati nimeituma jana, Hamisi ataitoa. Mimi mzima, baridi nimeizoea.

Habari kubwa, Mama: nimekuwa msemaji bora wa mashindano ya midahalo! Vyuo chungu nzima, na jina lililosomwa mwisho ni la binti yako wa Chumbageni. Kikombe kipo dirishani, nikiamka nakiona.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Huku mdahalo mmoja una timu nne za watu wawili wawili. Mada mnapewa dakika 15 kabla, kisha kila msemaji ana dakika saba. Mpinzani akiongea unaweza kusimama kumuuliza. Asipotaka, anakuashiria ukae. Nusu fainali nilisimama mara nne. Yule kijana hakunitazama hata mara moja, mkono tu: kaa. Nikamnong'oneza mwenzangu wa timu, mwanamume, swali lile lile. Aliposimama yeye, akakaribishwa! Na jaji akamsifu kwa swali hilo. Mimi nikaambiwa nipunguze ukali wa sauti. Mwenzangu alikuwa anagonga meza. Yeye eti anajiamini.

Si mimi peke yangu. Mwaka 2013 kule Glasgow wasichana wawili walizomewa fainali, watu wakazungumzia miili na nguo zao badala ya hoja. Chama cha midahalo cha Oxford kilianzishwa 1823, wanawake wakakubaliwa uanachama 1963. Miaka 140, Mama! Na mwaka 1977 rais wake alikuwa mwanamke, Benazir Bhutto, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Pakistan.

Sasa nasikia Baba mkubwa kamkataza Zuhura klabu ya midahalo, kwamba mtoto wa kike hapazi sauti mbele za wanaume. Nililia usiku ule. Nimevuka bahari kuambiwa hayo kwa Kiingereza, kumbe na mdogo wangu anaambiwa hapo hapo uani kwetu. Mkumbushe Baba mkubwa kesi ya shamba la Pongwe. Nani alisimama akasema mpaka baraza zima likanyamaza? Si wewe? Yeye alikuwa wapi, kama si nyuma yako?

Jioni hii nimeutamani upepo wa Raskazone na mihogo yako ya nazi, nikashindwa kula.

Katika hela ile, elfu hamsini si ya mabati. Ni nauli ya Zuhura kwenda mashindano ya Muheza. Apewe mwenyewe, mkononi, isipitie kwa Baba mkubwa.

Mwanao,
Rehema