Kuhusu kikao cha Alhamisi

Habari za jioni ndugu zangu. Samahani kwa ujumbe mrefu, najua wengine mnasoma mkiwa njiani.

Tutaanza na ule mpango wa Umoja wa Mataifa wa kampuni zinazowajibika (UN Global Compact), aliopendekeza Kofi Annan, katibu mkuu wa umoja huo wakati ule, kwenye mkutano wa uchumi kule Davos mwaka 1999 na kuzinduliwa 2000. Una kanuni 10 kuhusu haki za binadamu, kazi, mazingira na rushwa (hii ya rushwa iliongezwa 2004). Kujiunga ni hiari, ila asiyeleta ripoti ya mwaka huondolewa. Mara iliyopita tulibishana kama hiari inatosha.

Mimi naona haitoshi, na mfano wangu ni Rana Plaza. Jengo hilo la viwanda vya nguo liliporomoka Bangladesh mwaka 2013, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Baadaye kampuni za nguo zaidi ya 200 zilitia saini makubaliano na vyama vya wafanyakazi, yenye nguvu ya kisheria: wakaguzi huru, ripoti wazi kwa umma. Kampuni moja isingefua dafu, maana kiwanda kimoja hushonea wateja wengi. Ukigoma wewe, mwenzio anaagiza.

Basi kila mmoja aje na jina la msambazaji mmoja anayewauzia yeye na mshindani wake pia, tuone pa kusukuma kwa pamoja. Na tafadhali, bei tusiziguse kabisa! Washindani wakikaa meza moja kuzungumzia bei, sheria za ushindani zinatuangukia, hata nia iwe njema.

Atakayechelewa aniandikie pembeni.