Programu zisiamini jina la Windows

Mhariri,

Tangu Microsoft isitishe huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi na maduka ya hapa Dodoma yanayohamia Windows 11 yanaweza kukuta programu ya mauzo au ya stoo imegoma kufunguka, fundi akalaumu kompyuta. Naomba nafasi niseme na waandishi wa programu, maana mara nyingi kosa liko kwenye mistari michache inayouliza toleo la mfumo endeshi.

Windows 11 hujitambulisha kwa ndani kuwa toleo 10.0, sawasawa na Windows 10. Hata ProductName (jina la bidhaa) kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, bado husomeka Windows 10. Kwa kompyuta za kawaida, zisizo seva, kinachozitofautisha ni namba ya bildi, yaani namba ya utengenezaji wa Windows yenyewe: ikifika 22000 au kuzidi, hiyo ni Windows 11. Kwenye lugha ya Python isome kwa sys.getwindowsversion().build, kwani platform.release() ya matoleo ya zamani hujibu 10 tu.

Wanaoandika kwa lugha za C na C++ wana mtego wao. Kuanzia Windows 8.1, GetVersionEx, fanksheni ya kuuliza toleo, huijibu programu isiyo na manifesti (maelezo yanayoambatana na programu kutaja Windows inazozijua) kwamba iko kwenye 6.2, yaani Windows 8. Microsoft walifanya hivyo makusudi, ili programu zenye ukaguzi mbovu zisivunjike. Weka kwenye manifesti kitambulisho cha supportedOS cha Windows 10 (ndicho hicho hicho cha 11), au tumia fanksheni ya RtlGetVersion, ambayo hutaja toleo halisi.

Linalonisikitisha zaidi ni kulinganisha matoleo kama maandishi. Kwa maandishi, "10.0" hutangulia "6.1" (namba ya Windows 7) kwa kuwa 1 iko kabla ya 6, hivyo kompyuta mpya inakataliwa kana kwamba ni kuukuu kuliko Windows 7. Kata kwenye nukta, geuza kila kipande kuwa namba, ndipo ulinganishe.

Kwenye Linux, soma ID na VERSION_ID ndani ya /etc/os-release. Amri ya uname hutaja kerneli (kiini cha mfumo), haisemi kwa uhakika kama ni Ubuntu au Debian.

Lakini mara nyingi hakuna haja ya kufungia mlango kwa toleo. Programu ikihitaji printa ya risiti, iijaribu printa yenyewe. Ikihitaji fanksheni fulani ya Windows, iitafute kwa GetProcAddress, inayoonyesha kama fanksheni hiyo ipo. Toleo na bildi viandikwe kwenye faili la kumbukumbu kila programu inapowaka, ili fundi akipigiwa simu kutoka Kondoa au Mpwapwa asomewe namba hizo kabla hajakata tiketi ya basi.

Mwandishi wa programu,
Dodoma