Ile gazi ya kwenye batri

Furaha mama,

Odio yako nimeisikiliza mara tatu, ile unauliza kama papa anajua kitu juu ya hidrojeni na zile santrali za kutengeneza umeme zinazochanganya upepo na gazi. Nilicheka. Hidrojeni wewe unaijua toka uko na miaka sita! Unakumbuka pale atelie ya Kadutu, batri za magari nazichaji usiku mzima, maji yanachemka bila moto, na mimi nakufukuza toka hapa na hiyo mshumaa yako? Basi yale mapovu ndiyo yenyewe. Batri ikishajaa na wewe bado unaisukumia umeme, umeme haina pa kuingia tena, inaanza kupasua maji, huku hidrojeni huku oksijeni. Ile batri iliyolipuka mbele ya kijana wangu wa kazi, shati yote ikaliwa na asidi (macho Mungu alilinda), ilikuwa cheche moja tu ya koleo.

Sasa kitu mimi nakikimbia, Wajerumani wamejenga santrali nzima ya kukitafuta. Iko Prenzlau, kaskazini ya Berlin, Merkel mwenyewe, chansela wao wa wakati ule, aliweka jiwe la msingi 2009, ikafunguliwa 2011. Mitambo 3 ya upepo, kila moja megawati 2, na pembeni mashine ya kupasua maji. Upepo ukivuma usiku watu wamelala, badala ya kusimamisha mapanga ile umeme ya ziada inatengeneza hidrojeni, inaingia kwenye matangi, siku upepo umekata wanaichanganya na biogazi (ile gazi ya taka zinazooza) wanaichoma ndani ya moteri, umeme inarudi na joto ya kupasha nyumba juu yake. Akili hiyo, siwezi kukataa.

Lakini piga hesabu, usisome tu. Kilo 1 ya hidrojeni inakula kama lita 9 za maji na kilowati-saa 50 na kitu za umeme. Ndani yake unabaki na 33, na moteri haikurudishii hata nusu ya hizo kuwa umeme. Batri ya litiumu ukiipa 50 inakurudishia zaidi ya 40! Kwa hiyo kwa mtu wa kuwasha taa jioni na kuchaji telefone, hidrojeni ni hasara tupu, mteja akiniletea hiyo habari namuuzia batri. Yenyewe ni ya mtu anayetaka kuweka umeme wiki na wiki, ya kungoja baridi ya kwao, maana batri za kujaza kazi hiyo ni bei ya kuuza mtaa mzima.

Na sisi Bukavu? Sisi tangi yetu ni ziwa Kivu. Maji ambayo hawajayaachia yashuke mto Ruzizi pale kwenye bwawa la umeme la Mururu, hiyo ni umeme imelala, hakuna mashine ya kupasua kitu. Shida yetu haijawahi kuwa pa kuweka ziada, ziada yenyewe iko wapi? Jana delestaji, ile ya kukata umeme kwa zamu, imetukamata saa moja jioni, nimemaliza kusudea (kuchomelea) mlango wa mama mmoja na grupu, ile jenereta, esansi yake imekula faida yangu yote.

Kwenye kazi yako ya shule andika hiyo ya batri ya Kadutu, profesa hawezi kuikuta kwa mwenzako. Mama yako amekukaushia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ndoo ndogo, niambie nani anashuka Lubumbashi wiki hii nimpe.

Papa