Stori ya manowari Petard isimuliwe na askari wetu waliozama

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mtwara. Kila mkigusa vita kuu ya pili mnaandika habari za Keya (askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) wa Burma, misitu, mvua na malaria, sawa kabisa, ila wale waliokufa kabla hata ya kufika huko mnawaruka na hili linaniuma sana, maana walifia kwenye bahari hii hii ya Hindi ambayo sisi watu wa kusini tunaamka nayo kila siku.

Naongelea manowari ya Uingereza iliyoitwa Petard. Wenyewe wanaisifia na wana haki, Oktoba 1942 kule Mediterania iliibana nyambizi ya Wajerumani U-559 mpaka ikaibuka juu, mabaharia wake Fasson na Grazier wakaingia ndani usiku ule huku inajaa maji, wakawa wanatoa vitabu vya siri na kijana wa kantini, Tommy Brown, miaka 16 tu, anavipokea. Hao wawili wakazama nayo. Vitabu hivyo ndio vikawawezesha Waingereza kusoma tena meseji za Enigma, ile mashine ya kuandikia kwa siri, za nyambizi za Hitler. Desemba ikazamisha ya Waitaliano, Uarsciek.

Sasa ya tatu, ya Wajapani, ndio inatuhusu. Februari 1944 meli tano zilizojaa askari zilitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, zikisindikizwa na manowari Petard, Paladin na Hawkins. Moja wapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, na manesi pia walikuwemo. Tarehe 12 mchana, upande wa Maldives, nyambizi I-27 ikaipiga torpido (makombora ya majini) mbili na ndani ya dakika tatu hivi meli haipo. Dakika tatu jamani! Aliyekuwa deki za chini hata ngazi hakuiona.

Alafu ile nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaelea, na Petard ikiiacha kuna meli nyingine nne zimejaa binadamu, basi ikatupa mabomu yale ya kulipukia chini ya maji, na watu wetu wako hapo hapo majini. I-27 ikaibuka, Paladin ikataka kuigonga ikatoboka yenyewe, mwisho Petard ikaifyatulia torpido moja moja mpaka ya saba ndio ikapata. Walipona wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa 1,297.

Mi simlaumu nahodha, kwa hali ile sioni angefanya nini kingine. Ninachokataa ni hii sifa ya "nyambizi tatu za maadui watatu" kurudiwa kila mahali bila kuwataja waliokuwa kwenye maji yale.

Kwa hiyo ombi langu, tarehe 12 Februari toeni ukurasa mzima wa Khedive Ismail, na tumeni mwandishi aulize Lindi, Mikindani, Masasi na Newala nani ana picha, medali au barua ya Keya ndani ya sanduku, na afanye haraka, maana hata watoto wa Keya sasa hivi ni wazee wa miaka 80. Akija huku Mtwara mi nitazunguka naye nyumba kwa nyumba.

Msomaji wenu,
Mtwara